Siri ya Pilau ya Maskati

Mume wangu Maftah ana duka la viungo Kisenyi, ila moyo wake uko tumboni. Husoma vitabu vya mapishi huku akimeza mate. Kila mwaka husafiri Dubai au Maskati, eti kutafuta mali, na hurudi na hadithi za mikahawa. Kisha huonja pilau yangu, hufumba macho na kusema, "Si mbaya." Miaka ishirini ya ndoa, si mbaya!

Sasa ningefanyaje? Bizari ya dukani naisaga mimi, pakiti nazifunga mimi kwa uzi mwekundu, mafundo matatu, na wasafiri huzibeba hadi ng'ambo, lakini jikoni kwangu haiingii hata chembe. "Mama Taqwa, mali ya duka hailiwi," husema, kama alivyosema marehemu baba yake. Basi mimi hupikia bizari ya duka la jirani, ambayo nusu yake ni unga wa mahindi.

Mwezi uliopita alirudi kutoka Maskati na habari kubwa. Amegundua mkahawa wa mama mmoja, na pilau ambayo, wallahi, hajapata kuila tangu azaliwe. Alimbembeleza mama wa watu siku tatu mpaka akamwuzia pakiti moja ya bizari yake. Akaiweka mbele yangu kwa mikono miwili.

"Leo utajua pilau ni nini," akasema.

Nikaitazama. Uzi mwekundu, mafundo matatu.

Nilimsogezea kapu la pakiti nilizofunga asubuhi ile, nikaiweka yake katikati ya hizo. Akatazama kapu, akanitazama mimi, akatazama tena kapu.

Ndipo nikaifungua ile ya Maskati, nikanusa, nikafumba macho.

"Si mbaya," nikasema.