Shujaa Arudi Nyuma, Mzee Aende Jumatatu

Duka la muvi pale Kianjai lina desturi yake: kabla hujaondoka na flashi yako, unaonyeshwa kipande uhakikishe picha ni safi. Wiki jana mzee mmoja alitumwa na binti yake sehemu ya pili ya muvi ya shujaa anayepaa. Alipoonyeshwa kipande, akakwama hapo.

"Huyu anaenda wapi tena?"

"Anarudi nyuma miaka mitano, mzee," mwenye duka akamjibu. "Kuna kitu aliharibu, anaenda kukirekebisha."

Mzee akavua kofia. "Mimi ningerudi Februari tu. Nilimtoa msichana wangu, huyu aliyenituma, shule tuvune maharagwe, nikasema ni wiki moja. Sasa anaona aibu kurudi."

Mama aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, na mkungu wa ndizi, hakungoja kuulizwa. "Hiyo haitaki mashine ya kurudi nyuma. Jumatatu mpeleke kwa mwalimu mkuu. Hiyo aibu ubebe wewe."

Mzee akaifunga flashi kwenye leso, kama mtu anayehifadhi mbegu. "Jumatatu," akasema.

Mimi pia niliacha shule, kidato cha pili. Nilipofika nyumbani, nilimuuliza baba Jumatatu ana kazi gani.