Siku Iliyochorwa kwa Penseli ya Seremala

Enzi zetu pale Lizaboni, Songea, mtoto wa Kikatoliki alipikiwa wali siku ya somo wake, yaani sikukuu ya yule mtakatifu ambaye mtoto alipewa jina lake. Siku ya kuzaliwa ilikuwa habari ya cheti, basi. Halafu ikaja ruksa, biashara zikafunguliwa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa soda, biskuti na sabuni za kunukia, na mitumba ikamwagwa chini tukawa tunagombania sketi. Na bethidei nazo zikaingia! Sekunda, rafiki yangu wa kucheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, ndiye aliyekuwa wa kwanza mtaani kwetu, maana baba yake alikuwa na duka. Jamani, keki ile! Juu yake walichomeka mishumaa ya kawaida, ile ya umeme ukikatika, imekatwa vipandevipande. Tuliimba mpaka sauti zikakauka, tukarudi makwetu tunalamba vidole.

Mimi nilirudi nimechanganyikiwa kabisa. Nikamwambia baba nami nataka yangu. Baba alikuwa seremala, mtu wa maneno machache, penseli muda wote sikioni.

"Ottilia," akasema, "wewe ulizaliwa tarehe ishirini na tisa Februari. Tarehe hiyo inakuja kwenye mwaka mrefu tu. Siku ikifika kwenye kalenda, nachinja jogoo na soda nanunua. Isipofika, usinisumbue."

Ilikuwa imekwishanipita mara moja, nikiwa na miaka minne, na siku hiyo nilishinda kitandani na surua. Kwa hiyo nilipofika darasa la pili na mwalimu akatangaza kwamba mwaka huo ni mwaka mrefu, wacha wee! Nilikimbia kutoka shule mpaka nyumbani, viatu mkononi, matope mpaka magotini. Nilimtangazia kila niliyekutana naye, na wazee nikawapa shikamoo na habari yangu kwa pumzi moja. Sekunda nikamwambia ajiandae kunywa soda kwetu.

Sasa msikie baba yangu alivyokuwa. Nyumba nyingine kalenda ya zamani ilikatwa ikawa majalada ya madaftari. Kwetu thubutu! Baba alizikunja zote na kuziweka chini ya kitanda, maana alikuwa amegundua kwamba siku zinajirudia. Mwaka mpya ukiingia, anazikunjua sakafuni, anatafuta ile ambayo Januari yake inaanza siku ileile, anaitundika. "Jumatano ni Jumatano," alikuwa akisema, "kwa nini nimpe mtu hela yangu kwa Jumatano niliyo nayo?" Na mwaka ule alifanya hivyohivyo. Alilinganisha Januari, ikakubali. Akalinganisha Februari, ikaanza Jumamosi kama inavyotakiwa. Akapigilia msumari, akaridhika.

Hakuangalia mwisho wa Februari. Niliuangalia mimi, siku nilipojifunza kupanda kwenye stuli. Ishirini na saba, ishirini na nane, halafu weupe. Chini yake Machi. Ile kalenda ilikuwa ya mwaka mfupi!

Nililia kama nimefiwa. Mama akaacha kukoroga togwa akaja mbio, akidhani nimeanguka. Nikamwonyesha baba, nikamwambia mwalimu amesema ipo. Akaitazama kalenda, akanitazama mimi. "Hii imechapwa," akasema. "Mwalimu wako kasema kwa mdomo." Mama akamshauri aende dukani kwa kina Sekunda akaulize. Baba akakataa katakata. Yeye mtu mzima na akili zake timamu, aende kwa jirani kuuliza leo tarehe ngapi?

Jumamosi ikafika. Kwa mwalimu ni tarehe yangu, kwa baba ni tarehe mosi Machi. Na baba mwenyewe alikuwa taabani, kwa sababu mteja wake wa Peramiho alisema atafuata kitanda cha harusi tarehe mosi, na kitanda bado hakikuwa na miguu. Tangu alfajiri ilikuwa ni nyundo na randa, hataki chai, hataki kusemeshwa. Jogoo alikuwa anatembea uani kwa raha zake, na mimi namtazama kwa uchungu.

Ndipo nikaikumbuka redio. Baba angeweza kumbishia mwalimu, angeweza kumbishia hata padre, lakini redio hakuibishia. Taabu ni kwamba betri zilikuwa zimechoka wiki nzima. Mnaokumbuka, mnajua dawa yake: unazianika juani. Lakini Songea mwezi wa pili jua la wapi? Nilizipanga juu ya ungo, likitoka nazitoa, manyunyu yakianza nazirudisha ndani mbiombio. Sekunda akaja kunisaidia, akaziuma moja moja kwa magego, akiapa kwamba zinaongeza nguvu. Mama naye akazisogeza karibu na mafiga. Hatukuthubutu kujaribu mapema, tusije tukaumaliza uhai kidogo uliobaki.

Saa saba mchana, wakati wa taarifa ya habari, nikaibeba redio mpaka chini ya kibanda cha baba. Nikawasha. Kimya. Sekunda akaipiga kofi. Ikakoroma. Kisha, kwa mbali, sauti ya mtu mwenye usingizi ikasema: "...leo ni Jumamosi, tarehe ishirini na tisa Februari..." Na ikazima palepale, haikuongeza hata neno.

Weee! Tulirukaruka tukaangusha boksi la misumari. Mimi nilitegemea baba atakasirika, lakini alikuwa amesimama tu, nyundo juu, mdomo wazi.

"Kwa hiyo mosi ni kesho?"

"Ndiyo, baba!"

"Kwa hiyo mteja anakuja kesho?"

Akaangua kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake. "Mwanangu umenipa siku nzima!" Nikajua basi, ataitumia siku hiyo kumalizia kitanda chake. Hapana. Aliiweka nyundo chini. Akaingia ndani, akatoa penseli sikioni, na pale penye weupe baada ya ishirini na nane akachora kisanduku kwa rula, akaandika 29, na ndani yake akachora kijogoo. Kisha akatoka kumkimbiza yule wa kweli. Tulikula kuku, tukanywa soda na togwa juu yake, na baba alicheza nasi rede mpaka akateguka mguu. Kitanda alikimalizia kesho yake baada ya misa, anachechemea.

Siku hizi watoto wangu wanafanya "wiki ya bethidei", mbona mtachoka! Keki inapigwa picha mpaka hamu ya kuila inaisha, na hakuna anayejua mwenzake kazaliwa lini, simu ndiyo inawakumbusha. Mwaka mrefu uliopita salamu zilimiminika asubuhi nzima, maua, mioyo, maputo. Nilifurahi, sisemi uongo.

Halafu simu yangu ikaita, ni baba. Mikono yake inatetemeka sasa, hajashika randa miaka mingi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Ottilia. Leo nimeiweka nyundo chini."

"Baba, si uliacha kazi zamani?"

"Niliacha," akasema. "Lakini leo asubuhi nimeitoa kwenye boksi, ili niiweke chini."