Zoruba Imeregea

Naandika haya kwa Kiswahili cha vitabu, na naandika hivyo makusudi. Kuna bwana mmoja hapa Bunia aliyesema mbele ya watu kwamba sikijui. Akikuta kosa, aje anionyeshe. Mlango wangu anaujua, na sijamsamehe.

Kwa miaka minne nilisoma hali ya hewa katika redio ndogo ya mtaani, kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, baada ya matangazo ya vifo. Karatasi ilifika kwa Kifaransa kutoka kituo cha hali ya hewa cha kanda, ukurasa mmoja na nusu wa maneno marefu. Kazi yangu ilikuwa kuyavunjavunja mpaka mama anayetwanga sombe, majani ya muhogo, ayaelewe bila kuacha mchi. Karatasi ikieleza mambo ya unyevu na mgandamizo, mimi nilisema: "Leo saa tisa mvua na radi. Mwenye muhogo juani, aanue." Watu walianua. Njiani walinisimamisha wakaniita mama ya mvua, na wengine walinitania kwamba nikinuna tu, wingu linatokea.

Kisha akaletwa shefu mpya wa vipindi. Alikuwa amesomea pwani miaka miwili, akarudi na Kiswahili kilichopigwa pasi. Siku ya kwanza alinisikiliza akiwa amekunja mikono, na nilipozima kipaza sauti akasema mbele ya fundi wa mitambo na mama wa usafi:

"Dada, hicho unachosoma si Kiswahili. Ni kelele za sokoni."

"Wanaotusikiliza wako sokoni, shefu."

"Basi waende shule."

Kesho yake akachukua karatasi ya hali ya hewa, akaanza kuisoma mwenyewe. Mimi nikapewa matangazo ya mbuzi waliopotea. Niliyasoma. Ningefanya nini? Mshahara ulikuwa wangu na wa mama.

Mama yangu alikuwa akiishi Rwambuzi, mtaa wa hapa Bunia, kwenye kipande cha ardhi, parseli kama tunavyosema, ambacho tulikipata baada ya kuikimbia Djugu. Kule Djugu alikuwa na nyumba ya vyumba vinne na shamba la maharagwe. Hapa alikuwa na miti minane iliyosimikwa ardhini, na juu yake turubai, bashi. Misimu mitatu ya mvua alilala chini ya ile bashi moja. Sentensi yake ilikuwa hiyo hiyo kila nilipokwenda kumwona: "Nilizaliwa ndani ya nyumba, nataka kufia ndani ya nyumba." Hakuniomba kingine maishani. Kwa hiyo alianza kufyatua matofali mwenyewe, katika umri wake. Alichimba, akakanyaga udongo kwa miguu, akaujaza kwenye kisanduku cha mbao, akapanga tofali moja moja chini na kulifunika kwa majani lisipasuke. Miezi mitano. Yalibaki kukauka tu, kisha tuyapange tuyachome. Na kila mtu wa huku anajua kwamba tofali ambalo halijapita motoni ni udongo uliokaa kwa adabu. Likipigwa na mvua, adabu inaisha.

Ndipo ikaja zoruba ya kwanza, dhoruba kwa Kiswahili cha vitabu. Ilikuwa mbali, kwenye bahari ambayo mama hajawahi kuiona, imezunguka huko siku nne ikibomoa vya watu. Karatasi ya asubuhi ile niliiona mezani kabla ya shefu. Ilisema zoruba inaishiwa nguvu na haitatufikia, lakini inapopita inavuta mawingu mpaka milima ya Ituri, na siku hiyo na ya pili yake tutapata mvua nyingi. Nilichukua kipande cha karatasi nikaandika kwa Kiswahili chetu: "Zoruba iko napoteza nguvu, lakini mvua yake iko nakuja kwetu leo. Mufunike matofali." Nikamwekea mbele yake. Alikisoma, akatabasamu, akakikunja mara mbili, akakiweka chini ya kikombe chake cha chai ili meza isilowe.

Akawasha kipaza sauti, akaanza na pepo za mashariki na unyevunyevu wa anga la juu. Halafu akataka kusema kwamba kimbunga kimelegea. Alitaka. Lakini ulimi wa mtu hausomei pwani. Kwetu huku l na r wanalala kitanda kimoja, na anayewahi kuamka ndiye anayetoka nje. Kwa hiyo akasema, kwa sauti yake nzito ya msomi: "Kimbunga kimeregea."

Na kwetu kuregea ni kurudi. Mtu akitoka sokoni, ameregea. Mke aliyekasirika akienda kwao, ameregea kwao. Ya mvua aliyataja baadaye, nakubali, kwenye sentensi ndefu ya mwisho. Ila mama yangu alikuwa ameshasikia alichohitaji. "Imeregea kwao, Mungu asifiwe," akasema, akazima redio ili mabuye yake yasiishe, kwa maana betri haziokotwi. Akaenda akayatoa majani yote juu ya matofali ili jua liyapige vizuri.

Mvua ilianza saa nane mchana. Nilitoka redioni nikakimbia, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope, sikukirudia. Nilimkuta mama amepiga magoti katikati ya matofali yake. Alikuwa anakusanya tope kwa viganja, anajaribu kulirudishia pembe, linamtoka kati ya vidole, anakusanya tena. Hakulia. Nililia mimi. Miezi mitano ilikuwa inatiririka kwenda mtaroni, myekundu, na watoto wa jirani wanairuka.

Asubuhi iliyofuata, kwenye mkutano wa kazi, nilisimama nikaeleza kilichotokea. Nilieleza kwa upole, Mungu ni shahidi. Nilitaka tu aseme pole. Neno moja, herufi nne. Yeye akaegemea kiti.

"Mama yako hajui Kiswahili, hilo nalo ni kosa la redio?"

Wakacheka. Fundi wa mitambo alicheka. Mama wa usafi, niliyemwachia chai yangu kila asubuhi, alicheka. Nawakumbuka mmoja mmoja na meno yao. Wanaosema hasira hasara hawajawahi kuona tofali la mama yao likiyeyuka. Siku ile nilijiambia kwamba malipo ni hapa hapa duniani, na kama yatachelewa njiani, mimi nitayasukuma.

Wasikilizaji walilalamika, maana waliolowa walikuwa wengi, na mkurugenzi akanirudishia karatasi yangu. Shefu akabaki shefu. Mtu mwingine angeridhika. Mimi nilianza kumsalimia kwa heshima kubwa kila asubuhi, na kila nilipomsalimia nilikuwa namtafutia mahali pa kumuuma.

Mahali penyewe alipanunua mwenyewe. Parseli iliyopakana na ya mama ilikuwa inauzwa, na mnunuzi akawa yeye. Kama ulikuwa mkono wa Mungu au wa shetani, sikuuliza. Akaweka wafanyakazi wawili, watu wazima wenye familia zao, wakaanza kufyatua matofali. Kila Jumapili nilikaa kwa mama nikitazama mistari inavyoongezeka upande wa pili wa ua, nikifurahi kama vile ni yangu. Nilitaka yawe mengi. Nilitaka ayazoee, aanze kuiona nyumba usingizini.

Mama hakuwa na mgongo wa kuanza tena. Lakini alikuwa anavuka kwenda kuwaonyesha wale wafanyakazi jinsi ya kugeuza tofali ili likauke pande zote.

"Mama, unamfundishia kazi adui?"

"Wanageuza vibaya. Yatapasuka."

"Yapasuke!"

"Ah, weye nawe," akasema, akaenda zake kugeuza.

Wiki chache baadaye bahari ikazaa zoruba ya pili. Kama ile ya kwanza, ilizunguka, ikachoka, na karatasi ikaja na maneno yale yale: inaishiwa nguvu, inapita mbali, inatuvutia mvua. Saa kumi na mbili na nusu nilisoma hewani bila kuficha kitu: "Zoruba iko napoteza nguvu, lakini mvua yake itafika kwetu leo mchana. Mwenye matofali, afunike." Nilisoma mara mbili. Bunia nzima haikuwa na kosa kwangu.

Shefu alikuwa Mahagi-Port tangu juzi yake, kwenye harusi ya mdogo wake. Redio yetu haifiki kule. Saa mbili akanipigia simu, nyuma yake ngoma zinasikika.

"Dada, nasikia kuna kimbunga tena. Karatasi inasemaje?"

Karatasi ilikuwa mbele yangu. Nilikuwa nimepiga mstari kwa kalamu nyekundu ya bic chini ya neno mvua. Nilivuta pumzi, nikamjibu kwa neno lake mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyekwenda shule:

"Imeregea, shefu."

Kisha akasema, "Vizuri. Kumbe umeanza kujifunza."

Yesu wangu, nilicheka! Nilikata simu nikacheka peke yangu mpaka nikashika meza. Mchimba kisima huingia mwenyewe, nikasema, na safari hii maji yatamfika shingoni. Nilichomaanisha kwa imeregea, achague mwenyewe. Imelegea? Ni kweli, ilikuwa imelegea. Imerudi kwao? Hapo mimi simo. Kama angekuja kuniuliza, ningemjibu: shefu hajui Kiswahili, hilo nalo ni kosa langu? Nililirudia jibu hilo kichwani asubuhi nzima. Wala sikuwa na wasiwasi na mama. Mama alikuwa na bashi yake kichwani, angekaa mkavu akitazama sinema ya bure.

Saa nane na nusu wingu likaja kutoka mashariki, jeusi. Nilisimama dirishani mwa redio nikiihesabia mvua dakika zake. Ilipiga zaidi ya saa nzima. Ilipopungua nikapanda pikipiki, nikamwambia dereva aende haraka, kwa maana nilitaka kuona kabla tope halijatulia.

Na niliona. Upande wa shefu mistari ilikuwa imelala chini, uji mwekundu kutoka ua hadi ua. Moyo wangu uliruka kwa furaha, sitadanganya. Ilikuwa furaha tamu, kamili, ya kulamba kwa kidole. Kisha nikaona kwamba kwenye kona, mistari mitatu ilikuwa imefunikwa. Imefunikwa vizuri, mawe kila pembe. Bashi ile ilikuwa na kiraka cha gunia pembeni ambacho nilikishona mimi mwenyewe.

Niligeuka kutazama kwa mama. Miti minane ilikuwa imesimama peke yake. Kitanda kilikuwa kimelowa, gunia la unga limelowa, blanketi lile tulilokimbia nalo kutoka Djugu linadondoka maji. Yeye alikuwa ameketi kwenye beseni lililopinduliwa, kitenge kimemganda mwilini, anatetemeka.

"Mama! Bashi yako!"

"Haikutosha," akasema. "Nilitaka ifunike yote. Imefunika mistari mitatu tu."

"Umefunika ya yule? Aliyekucheka?"

"Tofali haikunicheka."

Nilipiga kelele. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake, nikataka kuivuta ile bashi pale pale, mvua ya jioni ikamalizie kazi. Aliniacha nimalize. Alikuwa anakamua maji kwenye ncha ya kitenge chake, taratibu.

"Wale wafanyakazi walikuwa na bashi zao tayari," akasema. "Asubuhi wakazikunja, wakaenda nyumbani. Nikawauliza mbona? Wakasema patro, shefu wako, amepiga simu, zoruba imeregea. Nikawaambia siyo, mutoto yangu amesema kwa redio tufunike, nimesikia na masikio yangu. Wakacheka. Wakasema ni mutoto yako ndiye amemwambia patro."

Nikainama nikaanza kuinua gunia la unga.

"Siye kwa redio ulituambia tufunike. Yeye kwa simu ukamwambia imeregea." Akainua uso. "Regea gani hiyo, mutoto yangu?"

Miaka minne nilikuwa nageuza maneno ya wengine ili mama huyu ayaelewe, na hapo nikajaribu kumgeuzia yangu. Nilifungua mdomo nikamwambia kwamba mvua ilitushtua sote, kwamba hata mimi sikujua itakuwa nyingi hivyo.

Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, koti langu la mvua lililofungwa vifungo vyote, na buti zangu za mpira nilizokwenda kuzichukua nyumbani asubuhi baada ya kusoma karatasi, jua likiwaka.