Kijiti cha Mukau

Ni mimi niliyekuwa nikikisogeza kile kijiti. Kaka aliniuliza mara tatu, mara moja akiwa ameshika Biblia, na mara zote nilimwangalia machoni nikasema sikukigusa.

Kilima chetu, huku Embu ya chini kwenye joto, kilikuwa kilima cha kawaida hadi mvua zilipojaza bwawa na maji yakakizunguka. Tuliamka tukiwa kisiwa: mama, mbuzi kumi na mmoja, shamba la muguka, kaburi la baba, na mimi, mwenye shahada mbili na ndoa iliyoisha, niliyekuwa nimerudi nyumbani eti kuandika. Kaka alikuwa na ploti Karurumo, ng'ambo ya maji, na mashua ya kuazima. Alitaka mama ahame. Mama alisema atafukuzwa na maji, si na mtoto aliyemzaa.

Kila jioni mama alichomeka kijiti cha mti wa mukau pale maji yalipoishia. Asubuhi, baada ya chai, tulishuka pamoja kukikagua. Kikikutwa hatua moja ndani ya maji, asubuhi tatu mfululizo, angehama. Hiyo ndiyo ilikuwa ahadi yake.

Mimi nilikiogopa kile kisiwa kuliko nilivyokubali kusema. Maji yaliyofunika njia yangu ya shule yalitulia kama mtu anayesikiliza. Kwa hiyo alfajiri moja nilivaa akala za baba, zile za tairi ambazo mimi na mama tulizivaa kwa zamu kwenda majini, nikang'oa kijiti na kukichomeka hatua moja ndani. Kisha nikaenda kukamua mbuzi, nikijiona mwerevu.

Baada ya chai tulishuka. Kijiti kilikuwa nchi kavu, pale pale mama alipokiacha.

"Unaona?" mama akasema. "Haya maji yana adabu kumshinda kaka yako."

Nilirudia asubuhi tisa. Mara tisa kijiti kilirudi. Kwenye tope kulikuwa na nyayo za akala tu, nyingi kuliko nilizokumbuka kukanyaga. Nikaanza kulipita kaburi la baba kwa mbali. Kwa mtu aliyewahi kufundisha chuoni kwamba kila jambo lina sababu, nilikuwa natembea haraka sana.

Kisha kamba ya akala moja ikakatika. Kaka aliponivusha kwenda mjini Embu kununua dawa ya mbuzi, nikazibeba zote mbili kwa fundi, nikalala huko. Asubuhi, nikiwa nimekaa kwenye benchi la fundi, mama akapiga simu.

"We msichana, umevuka saa ngapi?"

"Kuvuka wapi, mama?"

"Unafikiri sikujua? Ukienda kukamua, mimi navaa akala nakirudisha. Sawa, tumechezeana. Lakini kukichomeka mlangoni pa jikoni, huo sasa ni utoto. Na nyayo zako hizi hapa. Toka ulikojificha, chai inapoa."

"Mama, mimi niko Embu. Kaka hajanirudisha."

"Nyayo ni za akala za baba yako."

"Akala ziko kwa fundi. Naziona. Hajazigusa bado."

Nyuma yake hakuna mbuzi hata mmoja aliyelia.

"Mwambie kaka yako alete mashua," akasema. "Leo. Na asishuke, mimi nitamfuata majini."