Namba Ndani ya Kopo la Hamira

Bibi yangu, Ottilie Brandl, alikamua ng'ombe miaka hamsini huku Wisconsin, na kurasa za siasa za gazeti huwa anazifungia mayai tu. Lakini kila Jumatatu ya kuamkia uchaguzi huzunguka makaburini. Kwanza kilimani, kwetu Wakatoliki wa Kijerumani. Kisha huvuka barabara kwenda kwa Walutheri wa Kinorwei. Hugusa kila jiwe, midomo ikimcheza. Akirudi huandika namba moja, kura watakazopata Wademokrati kijijini kwetu, na kuifungia ndani ya kopo la hamira. Chaguzi sita sasa, hajakosea hata kura moja.

Mwaka huu alinichukua tuzunguke pamoja. Kesho yake, mlangoni pa ukumbi wa kura, jirani yetu Mlutheri, Halvor Tveit, akamtania: "Ottilie, wafu wamesemaje?"

"Wamesema uoge, Halvor. Na baba yako anauliza mbona hadi leo unapiga kura yake, si yako."

Halvor alicheka, kisha akaacha ghafla.

Mimi, Roswitha, nina miaka kumi na minane, namaliza sekondari, na hii ilikuwa kura yangu ya kwanza. Usiku kucha wa kuamkia siku hiyo nilijiuliza: kama namba iko tayari koponi, mimi naenda kuchagua nini? Sisi kina Brandl ni Wakatoliki, na Wakatoliki wa hapa ni Wademokrati, Walutheri ni Warepublikani, basi. Nilitaka kujua kama mkono huu ni wangu. Kibandani nikaweka alama kwa Warepublikani, nimharibie Bibi hesabu kwa kura moja tu.

Wademokrati wakapata mia moja na kumi na nane.

Nilikimbia nyumbani, nikafungua kopo mbele yake. 118. Chini yake, kwa penseli: *Bila Roswitha.*

"Bibi! Nani kakwambia?"

"Jana kwa Walutheri ulichoka, ukasimama kunisubiri. Unajua ulisimama kwenye kaburi la nani?"

Sikujua.

"La mama yangu, Solveig. Alikuwa Mlutheri, akaolewa kwetu, lakini padri alikataa azikwe kilimani, maana hakubadili dini. Wala kura yake hakubadili. Ulisimama kama yeye kabisa, mikono mgongoni, kidole kimeshika kidole."

"Mimi nimechagua mwenyewe!"

"Na yeye alikuwa akisema hivyo hivyo."

Nilitaka kumnyooshea kidole nibishe. Mikono yangu ilikuwa mgongoni, na sikumbuki kuiweka huko.