Kijiti cha Shaba cha Verna Stribling

Baraza la Mji wa Burrandook, katika kikao chake cha mwezi Juni, lilithibitisha kwa kauli moja kwamba jengo la zamani la kiwanda cha siagi, ambalo baadaye lilikuwa makao ya Reli Ndogo, ni tupu. Kwamba hakuna kilichobaki ndani yake chenye thamani wala mwenyewe. Na kwamba kichwa cha treni namba kumi na saba, ambacho hakikuonekana siku mali ilipohesabiwa, kichukuliwe kuwa kilipotelea mikononi mwa mhudumu wake wa mwisho. Jengo libomolewe. Waraka ulibandikwa kwenye ubao wa maktaba, kati ya tangazo la paka aliyepotea na la mashindano ya kupika jemu.

Mhudumu wa mwisho alikuwa Verna Stribling. Aliusoma waraka wote, akafuta miwani, akausoma tena, kisha akaazima kitabu alichokuwa amekuja kukiazima. Alikuwa na miaka sabini na sita. Ujanani aliunganisha simu za mji mzima kwa mikono yake, na inasemekana hakuwahi kutoa siri hata moja, jambo lililowaudhi wengi. Mitambo ilipomnyang'anya kazi hiyo, alihamia Reli Ndogo, akaongoza treni za kuchezea kwa miaka thelathini na moja. Neno hilo, za kuchezea, halikutamkwa mbele yake mara mbili na mtu mmoja.

Watu walisafiri kwa muda wa saa tatu kutoka Sydney kuja kuiona Reli Ndogo. Walikunywa chai, wakalalamika kuhusu vyoo, na mwaka uliofuata wakaja tena na watoto wengine. Ndani ya jengo lile kulikuwa na Burrandook nzima juu ya meza, jinsi ilivyokuwa kabla treni za kweli hazijaacha kuja. Mji ule wa mezani ulikuwa na posta, benki tatu na daktari. Mtoto akibonyeza kitufe, mkata manyoya alimnyoa kondoo yuleyule aliyemnyoa jana. Siku za joto kuta zilinukia siagi.

Reli ilipita katika vyumba viwili, na katikati yake ulisimama ukuta wa kilichokuwa chumba cha baridi: matofali pande zote mbili, unga wa mbao katikati, unene wa zaidi ya mita moja. Handaki lililotobolewa humo lilikuwa na kona. Aliyekaa chumba cha kwanza hakuweza kumwona aliyekaa cha pili, ila kulikuwa na kidirisha kidogo cha kupitishia mkono. Kwa hiyo walifuata desturi ya reli za kweli zenye njia moja. Kulikuwa na kijiti cha shaba, kimoja tu. Verna alipoingiza treni handakini, alikishika. Treni ikitoka salama upande wa pili, mpokeaji aligonga kengele mara mbili, naye Verna akapitisha kijiti kidirishani. Kengele isipolia, kijiti hakiondoki mkononi, maana njia bado ina treni. Hapakuwa na sheria nyingine iliyoheshimiwa hivyo Burrandook, hata ile ya kufunga mbwa.

Siku Reli Ndogo ilipofungwa, miaka tisa iliyopita, diwani alikuja kuhutubia. Saa tisa na dakika arobaini Verna aliingiza handakini kichwa namba kumi na saba, kazi ya Des Kubelik, fundi saa, aliyekichonga kwa shaba miaka minne. Wakati huohuo birika kubwa la chai na kipaza sauti cha diwani vilikuwa vimechomekwa mahali pamoja. Umeme ukakatika. Ndani kukawa giza, watu wakatolewa nje kwa adabu. Verna alisubiri kengele mpaka akashikwa mkono na kutolewa, na kijiti kikatoka naye ndani ya mfuko wa koti.

Kesho yake mhandisi alitangaza kwamba paa ni la asbesto, ambayo vumbi lake ni sumu, na mlango ukapigwa mnyororo. Mwezi uliofuata waliingia wahesabu mali, wamevaa barakoa. Wakabeba meza, wakakata reli kwenye midomo ya handaki, wakamulika tochi huku na huku, wakaiona kona. Mmoja alilipima handaki kwa mkono wake, na mkono ulikuwa mfupi. Wakaandika kwamba halina kitu. Verna aliwaambia kwamba treni imo. Walimwomba arudishe kijiti. Akakataa, kwa sababu kukitoa ni kusema njia ni wazi, na njia haikuwa wazi. Ndipo mji ukafanya hesabu yake rahisi: aliyeondoka na kijiti ameondoka na treni.

Verna aliyavumilia yote hayo isipokuwa moja. Lorelle, binti pekee wa Des, alikuwa mtoto wake wa ubatizo. Des alipokufa, Lorelle aliandika kutoka mji wa mbali wa Hobart kuuliza kilipo kichwa cha baba yake. Verna akajibu kwamba kimo ukutani. Lorelle akauliza tena, kwa maneno machache zaidi. Baada ya hapo hata kadi ya Krismasi haikuja. Sasa ukuta ukivunjwa na tingatinga, shaba itasagwa pamoja na matofali, na jibu la Verna litabaki uongo milele.

Alhamisi ya kubomoa, umande ulikuwa umeganda kwenye nyasi. Paa lilikuwa limeshaondolewa. Verna alifika saa moja na nusu na kiti cha kukunja na chupa ya chai, akaketi nje ya uzio. Mwendesha tingatinga alikuwa Sione Vaipuna, Mtonga wa visiwa vya Pasifiki, mtu wa miraba minne, aliyesema na mashine yake kwa upole kuliko alivyosema na watu.

"Mama, ukikaa hapo vumbi litakuharibu sura," alimwambia.

"Umechelewa. Wenzako walishaanza."

Msimamizi wa kazi upande wa baraza alikuwa Garth Ollerenshaw. Huyu ndiye aliyekuwa mpokeaji wa chumba cha pili siku ile ya mwisho. Wahesabu mali walipomuuliza kama treni ilimfikia, alisema hakumbuki, na kutokumbuka huko hakukumzuia kupanda cheo. Alimsihi Verna aende nyumbani. Wakikiona kichwa cha treni watampigia simu. Verna akamwambia watakiona kikiwa bapa kama sahani.

Tingatinga lilianza na chumba cha kwanza, kile cha Verna. Dirisha la tiketi likaenda. Ukuta ambapo watoto walipimiwa urefu ukaenda. Ilipofika saa nne kasoro dakika tano, ndoo ya chuma ilikuwa hatua tatu kutoka ukuta mnene, na kidirisha cha kijiti kilikuwa kinatazama anga.

Saa nne kamili Sione alizima mashine. Katika nchi yetu mafuriko huweza kuahirishwa, lakini chai ya saa nne haiahirishwi. Dakika ishirini. Verna akainuka kitini.

"Garth. Ulipokea?"

"Imepita miaka tisa, Vern."

"Sikuuliza miaka. Ulipokea, au hukupokea?"

Sione aliacha kutafuna. Garth alizitazama buti zake kama mtu aliyekabidhiwa buti za mwingine.

"Sikuwepo," alisema. "Nilikwenda kupigwa picha na diwani. Umeme ulipokatika nilikuwa na keki mkononi."

"Na ukaniacha niitwe mwizi kwa ajili ya keki."

"Nilikuwa naogopa, Vern. Halafu nikazoea."

Hakuna aliyeruhusiwa kuingia. Amri hiyo aliitia sahihi Garth mwenyewe. Hata hivyo alivaa helmeti, akachukua nyundo.

"Sione, umeniona?"

"Mimi nakunywa chai," alisema Sione, na kwa mguu akausogeza uzio kiasi cha kupita mtu mwembamba.

Verna alipita juu ya vifusi akasimama kwenye kidirisha chake, kijiti mkononi. Upande wa pili, alikoingia Garth, nyundo ilianza kugonga. Unga wa mbao ulianza kuchuruzika kutoka ufa mmoja, kisha kutoka ufa ambao dakika moja nyuma haukuwepo. Tofali la juu likasogea. Sione alitangaza kwamba zimebaki dakika nane, kisha hakutangaza tena. Alikuwa amesimama, kikombe kimemwagika.

Nyundo ikanyamaza.

"Garth, toka humo," Sione aliita, kisha akamgeukia Verna. "Mama, rudi nyuma. Ukuta unatembea."

Verna hakurudi. Alisema baadaye kwamba hakuwa na ushujaa wowote, ni kwamba tu njia ilikuwa na treni.

Halafu, ndani ya vumbi, kengele iligongwa mara mbili. Ile kengele ya zamani, ambayo wahesabu mali waliiacha msumarini kwa kuwa haikuwa na bei. Verna akapitisha kijiti kidirishani. Mkono mweupe kwa unga ukakipokea. Sione akambeba Verna begani kama gunia la viazi, na Garth alitokea ubavuni mwa jengo akikohoa, kitu kimefungwa ndani ya kizibao chake. Ukuta ulianguka wenyewe, bila msaada wa mashine. Zilikuwa zimebaki dakika mbili za chai, na Sione alizitumia zote.

Ijumaa Verna alipeleka kifurushi cha Lorelle posta, yaani kwenye kaunta iliyo nyuma ya duka la magazeti. Ndani yake Garth alikuwa ametia barua ya kurasa tatu. Verna hakuisoma, bahasha ilikuwa imefungwa. Jumapili iliyofuata Lorelle alipiga simu kutoka Hobart, wakaongea saa nzima, zaidi kuhusu mvua.

Paka alipatikana na tangazo lake likaondolewa. Waraka wa baraza ungali ubaoni, unathibitisha kwamba jengo lilikuwa tupu. Kilichotoka humo kilipimwa posta: kilo mbili na gramu mia moja, pamoja na karatasi.