Kamba Zilizolegea Ishiara

Kaka mkubwa wa mama yangu alifanya kazi bandarini Mombasa tangu ujana wake mpaka alipostaafu, akipakia na kupakua shehena. Baadaye alirudi kwao Ishiara kulima ndengu na kufuga mbuzi, na macho yake yakaanza kumwacha. Huku kwetu ugonjwa ule huitwa presha ya macho. Haukumpofusha mara moja. Ulianza kula pembeni, ukasogea taratibu kuelekea katikati, hata nilipomtembelea baada ya mavuno alikuwa anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba la maji. Kitu kikiwa mbele yake hasa, anakiona. Kikihama kidogo tu, kimepotea. Daktari alikuwa amemweleza kwamba kilichopotea hakirudi, na kwamba dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki.

Siku hiyo alinisimulia habari za meli moja. Alikuwa bado kijana bandarini ilipotia nanga meli ya mbao yenye milingoti mitatu, ikiwa imebeba vijana wa kigeni waliokuwa wakifundishwa ubaharia. Aliwaona wakipanda juu kwa kamba na kukunja matanga. Meli za chuma alizozihudumia baadaye zote zilimtoka akilini. Hiyo moja ilibaki. Alikuwa amejaribu kuwaeleza watu wa soko la Ishiara jinsi vitambaa vilivyojaa upepo vilivyoisukuma, nao walimsikiliza kwa adabu bila kumwamini. Mfanyabiashara mmoja wa mbuzi alimuuliza, mbele ya watu, ni shuka gani hiyo inayoweza kusukuma kitu kikubwa kuliko kanisa. Watu walicheka, na tangu hapo kila akipita sokoni huulizwa kama ameleta shuka.

"Wewe ulitengeneza mashine ya kuangulia vifaranga," aliniambia. "Ukafufua spika za kanisa zilizokuwa zimekufa. Nitengenezee ile meli. Nataka kuiona tena nikiwa bado naona."

Kwetu mtu anaweza kumkatalia baba yake jambo na mambo yakaisha. Kumkatalia kaka wa mama ni kitu kingine. Hata wasiojali mila hawafanyi hivyo kwa urahisi. Nilikubali. Sikumwambia kwamba mimi mwenyewe sijawahi kuona bahari.

Ninaishi Kibugu, juu kabisa, mahali ambapo mashamba ya chai yanakaribia msitu wa mlima. Nina chai yangu kidogo na kibanda cha mabati nyuma ya nyumba ambamo hutengeneza vitu. Shule niliiacha mapema, na karibu kila ninachokijua nimekipata kwa kusoma, kujaribu, kuharibu na kurudia. Kwa hiyo nilianza meli kama ninavyoanza kila kitu. Nilisoma kwanza. Nilitazama video za wazee wa nchi za mbali wakijenga meli ndogo mezani, nikizisimamisha kila mara ili nichore nilichokiona. Majina niliyatafuta katika kamusi ya Kiswahili, maana Kiembu hakina haja nayo: mkuku, ule mti wa chini unaobeba kila kitu, mataruma, mbavu zinazosimama juu yake, foromali, boriti za kulala zinazoshikilia matanga. Niliyasema kwa sauti nikichuma chai mpaka yakakaa.

Jirani aliyenisikia alitaka kujua ni nani ninayemtukana. Nilipomwambia ninajenga meli, habari ilifika kituo cha kupimia chai kabla yangu. Tangu siku hiyo nikawa Nuhu. Mvua ikichelewa, waliniuliza nangoja nini. Mvua ikizidi, waliniuliza kama nafasi za mbuzi zimejaa. Mke wangu alikuwa na lalamiko lenye uzito zaidi. Mbao za ubavuni lazima zichemshwe ndipo zikubali kupindwa, na sufuria pekee ndefu ya kutosha ilikuwa ile anayopikia wageni. Aliniambia kwamba siku chakula cha wageni kitakapotoka kikinuka mti, nitawahubiria mimi habari za safina. Nilimnunulia sufuria nyingine.

Mkuku niliukata kwa mwiria, mti mgumu unaodumisha umbo lake. Mbao za ubavuni zilikuwa za mukima, ile miti ya kijivu inayopandwa kwenye mipaka ya mashamba, nikizipasua nyembamba kama ganda la mua. Nilizibandika moja moja kutoka juu kwenda chini, nikibadilisha upande kila mara, ubao mmoja kushoto na mwenzake kulia, kwa sababu ukimaliza upande mmoja kwanza mkuku hupinda na hauwezi kunyooshwa tena. Najua kwa sababu wa kwanza ulipinda. Niliutia jikoni ukachemsha chai.

Kamba ndizo zilizonisumbua. Uzi wa dukani unang'aa, na ukiutazama kwa karibu unaona wazi ni uzi. Mke wa mjomba husuka vyondo, vile vikapu vya kubebea mgongoni, na kama wanawake wengi wa Mbeere, upande wa Ishiara, anasokota nyuzi za mkonge kwa kiganja juu ya paja lake. Nilimwomba anisokotee nyembamba kadiri awezavyo.

"Kiondo cha nani hiki?" aliuliza. "Cha panya?"

Lakini alinisokotea, nene na nyembamba, na nyembamba zilikuwa sawa kama nywele za farasi. Aliniongezea bonge la nta ya nyuki kutoka mizinga ya ndugu yake, ili nizipake zisifumuke.

Nilifunga kamba Kibugu wakati wa ukungu, ule msimu ambao nguo hukaa kwenye kamba siku nzima na kurudi ndani zikiwa mbichi. Nilianza na zile zinazoshikilia milingoti, nikikaza kushoto kidogo, kulia kidogo, kama mtu anayekaza waya wa ua. Nikipiga kamba kwa ukucha ilitoa sauti. Kisha nikapaka nta. Matanga niliyakata kwenye shuka kuukuu, nikayachovya katika gundi nyepesi na kuyakausha juu ya kibuyu kilichopasuliwa, ili yatune kama yaliyojaa upepo. Kitu cha mwisho kilikuwa bendera nyekundu kwenye ncha ya mlingoti wa nyuma, ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Hiyo sikuitafutia kitabu. Bendera zikipepea nimeziona maisha yangu yote kwenye magari ya wakubwa katika barabara ya Embu. Niliiumba vizuri, mawimbi yakielekea nyuma, nikaigandisha.

Wakati huo mke wa mjomba alinipigia simu. Mzee alikuwa amemimina chai kando ya kikombe, akaendelea kumimina. Walikuwa wanampeleka hospitali Embu na huenda akalazwa. Aliniambia kama kile kitu changu kimekwisha, nikilete.

Nilikipeleka kwa pikapu ya jirani, ndani ya kasha lililojaa majani makavu ya migomba. Mjomba alikuwa ameshalazwa. Niliiweka meli sebuleni kwake, juu ya meza, chini ya bati lisilo na dari, nikaifunika kwa kitambaa. Niliamua kumngoja, nikapalilia ndengu zake na kurekebisha zizi la mbuzi.

Nilipofunua kitambaa siku chache baadaye, nilidhani mtu ameigusa. Mlingoti wa mbele ulikuwa umeegemea upande. Kamba zilikuwa zimening'inia kama kamba za nguo zilizoanuliwa. Ubavuni mbao mbili zilikuwa zimeachana, na nafasi iliyobaki ingeingiza kadi ya simu. Niliketi nikaitazama mpaka nikaelewa. Mkonge ukilowa hujikaza, ukikauka hurefuka. Mimi nilikuwa nimeupima na kuukaza katika hewa ya ukungu, nikaufungia unyevu ule ndani kwa nta, kisha nikauleta mahali ambapo mahindi hukauka yakiwa shambani. Mbao nazo zilikuwa zimefanya kinyume, zimesinyaa. Mtu wa Kibugu anajua kwamba Ishiara kuna joto. Huvaa shati jepesi akienda. Sikuwa nimefikiria kwamba meli nayo ingehitaji kuvuliwa koti.

Mke wa mjomba alisimama mlangoni akaiangalia.

"Atarudi Jumapili," alisema. "Wamesema jicho la kushoto limekwisha. La kulia hawataki kusema."

Aliniuliza kama siwezi kukaza tu zile zilizolegea. Nilifikiria. Ningeweza kukaza chache za mbele, upande wa kutazamwa, na mtu anayeona kama kwenye bomba huenda asingejua. Lakini kamba za meli hutegemeana. Ukivuta moja peke yake, unahamisha ubovu kwenda kwa jirani yake. Zaidi ya hapo, mzee hakuniomba kitu cha kumdanganya macho. Alikuwa amebakiwa na kidogo cha kuonea, na alitaka kukitumia juu ya meli hiyo. Nilichukua wembe nikakata kamba zote.

Mke wa mjomba alienda ndani akaleta mkonge, akakaa kizingitini, akapandisha leso juu ya goti na kuanza kusokota. Nyuzi alizianika juani juu ya ukuta kabla ya kunipa. Niliitoa meli nje na kuiacha jua limalize kazi yake, mbao zipungue mpaka zichoke kupungua. Kisha nilijaza nafasi kwa vibanzi vya mukima na unga wa msumeno uliochanganywa na gundi, nikasugua. Nilifunga upya kutoka chini kwenda juu, kushoto na kulia, kila kamba ikiwa imekauka kabla haijapimwa. Mikono yangu ilikuwa ikitoka jasho na nta ilitaka kuyeyuka, kwa hiyo kazi ya vifundo vidogo niliifanya alfajiri, na mchana nilikata na kupanga. Jirani wa pale, ambaye hakunijua, alimuuliza mke wa mjomba kama mgeni wake anatega ndege.

Jumapili watu wakiwa kanisani nilifunga kamba ya mwisho. Niliipiga kwa ukucha, nikapiga nyingine zote. Zilijibu.

Mjomba aliletwa saa sita mchana, ameshikwa mkono na mwanawe. Alikuwa amekonda. Hakuuliza habari za nyumbani wala za mbuzi.

"Iko wapi?" alisema.

Niliipeleka uani, kwenye mwanga mkali, nikaiweka juu ya kigoda mbele ya kiti chake. Nilimwambia iko mbele, kidogo kulia. Aligeuza kichwa polepole mpaka akaipata, kisha akatulia. Alianza chini. Alikisogeza kichwa kwa hatua ndogo sana, akafuata ubavu mpaka mwisho, akarudi. Alipanda mlingoti wa kwanza kamba kwa kamba, akashuka. Akapanda wa pili. Sikujua anaona nini. Anaweza kuwa anaona matanga, au weupe tu, au anakumbuka. Uso wake haukuniambia. Mke wake alikuwa ameshika mkonge mkononi na ameusahau.

Alifika kwenye mlingoti wa nyuma, akapanda hadi nchani, akabaki hapo kwa muda mrefu kuliko mahali pengine pote.

"Hii bendera aliiweka nani?"

"Mimi, mjomba."

"Upepo unatoka wapi hapa?"

Nilimwonyesha kwa mkono mbele ya jicho lake: kutoka nyuma, unaingia kwenye matanga, unayatunisha kwenda mbele.

"Basi hii bendera ni ya upepo gani?"

Niliitazama. Matanga yote yalikuwa yametuna kwenda mbele, na bendera ilikuwa ikipepea kwenda nyuma, kama ya gari la mkubwa. Gari hukimbia likaiacha hewa nyuma. Meli ya matanga husukumwa na upepo unaoipita, na upepo huo huo hubeba bendera mbele. Nilikuwa nimekagua kila kamba, nikasahau kitu pekee nilichodhani ninakijua.

"Meli inakwenda Mombasa," mjomba alisema, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko, "bendera inarudi Kibugu kuchuma chai."

Mke wake alicheka kwanza, kisha mwanawe. Mimi nilichelewa, kwa sababu nilikuwa bado natazama kile kipande chekundu, kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Alikuwa amekiona. Alikuwa ameona mpaka kinaelekea upande gani.

Aliniambia niigeuze sasa hivi, yeye akiangalia. Nililainisha gundi kwa tone la maji ya moto nikaizungusha. Hakuondoa kichwa hata kidogo mpaka niliposhusha mkono. Aliiangalia tena yote, kutoka chini, kwa utaratibu ule ule.

"Sasa inakwenda," alisema. Kisha alimgeukia mwanawe, bila kumpata, akazungumza na hewa iliyokuwa kando yake. "Nenda sokoni ukaniitie yule wa mbuzi. Mwambie shuka imefika, na aje haraka, nataka kumwonyesha mwenyewe kwa kidole."